Mzazi, angalia keria kabla hujapakia

Simama alfajiri kwenye barabara ya kuingia Kahama, Katoro au Shinyanga mjini uhesabu baiskeli zinazopita. Hii ina madumu manne ya maji, ile ina gunia la mkaa, nyingine mwanafunzi amepakia begi na mdogo wake nyuma. Kanda yetu inaishi kwa baiskeli. Lakini tukienda kununua baiskeli tunauliza bei, tairi na rangi. Ni wachache wanaouliza mzigo utakaa wapi na utafungwa vipi. Sisi madaktari tunalipata jibu la swali hilo wodini.

Niliwahi kumpokea mtoto wa miaka minne aliyekuwa amekalishwa kwenye keria, juu ya mfuko wa unga. Mguu ukaingia kwenye spoku. Kisigino kilichubuka kidogo tu, nyumbani wakapaka dawa ya meno, mtoto akalala. Siku ya tatu ngozi ilikuwa nyeusi.

Mzazi mwenzangu, jeraha la spoku ni danganyifu. Gurudumu linachubua ngozi, na pia linaubana mguu dhidi ya fremu na kuponda nyama ya ndani pamoja na mishipa ya damu. Ngozi inayoonekana nzima leo inaweza kufa baada ya siku mbili au tatu, na mfupa unaweza kuwa umevunjika bila wewe kujua. Kwa hiyo, mguu ukinasa usiuvute kwa nguvu. Simamisha baiskeli, mtu alegeze au akate spoku. Osha jeraha kwa maji safi yanayotiririka, funika kwa kitambaa safi, umpeleke mtoto hospitali siku hiyo hiyo. Usiweke dawa ya meno, majivu wala mafuta. Ukifika, uliza kuhusu chanjo ya pepopunda.

Kinga yake ni ya bei ndogo. Fundi wa kuchomelea anaweza kuweka kiti chenye egemeo na mahali pa kukanyagia miguu pande zote mbili. Kata plastiki ya dumu kuukuu, itoboe, uifunge kwa waya pande mbili za gurudumu la nyuma ili mguu usifike kwenye spoku. Mvishe mtoto viatu vya kufunika mguu, si kandambili. Mama unayepakiwa, kusanya kanga yako, nayo hunaswa. Na mtoto asikalishwe juu ya mzigo, kwa sababu mzigo ukiteleza anakwenda nao.

Sasa tuje kwenye mizigo yenyewe. Begi la mgongoni linafaa likiwa jepesi. Kwa mwanafunzi, lisizidi sana sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Mtoto wa kilo 30 abebe kama kilo tatu. Zaidi ya hapo linamyumbisha. Lifungwe kwenye keria, mikanda yake ikiwa imekunjwa ndani.

Mfuko wa kuning'iniza kwenye usukani ndio chaguo baya kuliko yote. Unayumba, unaingia gurudumu la mbele, baiskeli inasimama ghafla na mwendeshaji anatangulia. Hapo ndipo mtoto huangukia ncha ya usukani. Ncha isiyo na mpira wake ni bomba la chuma lililo wazi. Inaweza kupasua ini au bandama huku juu ya ngozi pakibaki alama ndogo ya mviringo. Mtoto huinuka, akatembea, kumbe anavuja damu ndani. Akilalamika tumbo, akitapika, akipauka au akisikia kizunguzungu, usingoje kesho.

Mzigo mzito ukae chini, na ulingane kushoto na kulia. Dumu la lita 20 lina kilo 20. Manne ni kilo 80, uzito wa mtu mzima aliyeshiba. Mawili yakining'inia pembeni ya keria yanatulia kuliko mawili yaliyopangwa juu. Penye mteremko au tope, shuka usukume, kwa maana breki za baiskeli nyingi hazikuwekwa kwa uzito huo. Kikapu cha mbele kibebe vitu vyepesi tu. Kamba isiache mkia unaoning'inia. Na unapovuta mpira wa kufungia, hasa wenye ndoano, geuza uso pembeni. Ukiponyoka unaweza kukupofusha jicho.

Kuna mzigo mwingine ambao hatuuhesabu. Kwenye mashamba ya pamba ni dawa ya kunyunyizia. Kwenye machimbo ya Geita ni zebaki. Vyote huwekwa kwenye chupa ya soda na kutiwa kapu moja na unga au dagaa. Chupa ikipasuka kwenye mashimo ya barabarani, chakula cha familia kimekuwa sumu. Kitupe, hata kama kinauma mfukoni. Dawa ya shamba ibaki kwenye chombo chake chenye maandishi, ifungwe peke yake. Zebaki isije nyumbani kabisa. Hutoa mvuke usioonekana hata bila moto, na huharibu ubongo wa mtoto, pamoja na yule aliye tumboni. Baba unayetoka mwaloni kuchenjua dhahabu, nguo za kazi zisafiri kwenye mfuko wao uliofungwa, zisichanganywe na za mtoto.

Najua utaniambia, "Daktari, gari hatuna, na hiyo baiskeli ndiyo ambulensi yetu." Ni kweli, na simwambii mtu aiache. Ninaomba wauza baiskeli waziuze zikiwa na kinga ya spoku, mafundi wapendekeze kiti cha mtoto bila kungoja kuulizwa, na walimu wakague baiskeli za wanafunzi kama wanavyokagua kucha. Kipande cha plastiki na waya ni kazi ya mchana mmoja. Kisigino kilichokufa ngozi ni wiki nyingi za kufunga vidonda, pengine na kupandikizwa ngozi, huku mzazi akikosa shamba na mtoto akikosa shule.

Kesho asubuhi, kabla hujakanyaga pedali, geuka nyuma utazame miguu ya mtoto iko wapi.