Mume Naye Apimwe

Mwaka 1977, wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha viuatilifu mjini Lathrop, California, walianza kuulizana mbona wengi wao hawapati watoto. Wakakubali kupimwa mbegu. Majibu yalipotoka, baadhi yao hawakuwa na mbegu hata moja. Kilichowaponza ni DBCP, dawa ya kuua minyoo ya udongoni waliyokuwa wakiitengeneza. Mwaka 1979 Marekani ilipiga marufuku karibu matumizi yake yote.

Wanaume wale walizungumza, kisha wakapimwa. Afrika Mashariki hilo bado ni gumu.

Mimba ikichelewa, anayesumbuliwa ni mke. Mawifi wanamsengenya, mama mkwe anauliza, "Vipi, bado tu?", naye anazunguka kliniki hadi kwa mganga, pengine mpaka aletewe mke mwenza. Mume hajapimwa hata mara moja. Ilhali katika takriban nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, mwanamume ana tatizo, ama peke yake ama pamoja na mkewe.

Wengi hudhani nguvu za kiume na uwezo wa kutungisha mimba ni kitu kimoja. Sivyo. Mwanamume anaweza kuwa hodari chumbani na manii yake yakawa hayana mbegu. Huenda mishipa ya damu ya korodani imevimba, hali ambayo kwa wengi hurekebishwa kwa upasuaji. Huenda kisonono au klamidia iliachwa bila tiba ikaziba njia, au aliugua matubwitubwi baada ya kubalehe yakamshukia kwenye korodani. Sigara nayo imo. Na vijana wa gym wanaojidunga testosteroni ili watunishe misuli, wengi hawajui kwamba sindano hiyo huufanya ubongo uache kuziamuru korodani kutengeneza mbegu.

Kipimo chenyewe hakina maumivu. Mume hukaa siku 2 hadi 7 bila tendo la ndoa, anatoa manii kwenye kikopo safi, kisha mtaalamu wa maabara anatazama kwa hadubini wingi, mwendo na umbo la mbegu. Wenye chini ya milioni 16 kwa mililita huhesabiwa kuwa na mbegu chache, ingawa hata wao wanaweza kuzaa.

Kliniki za uzazi zinapaswa kuanza na kikopo hicho, kabla mke hajalazwa kitandani kupigwa picha ya mirija ya uzazi, kipimo ambacho mara nyingi humuumiza.