Tugawe Sawa? Muulize Kwanza Aliyeagiza Maharagwe

Mwaka jana tulishuka Pwani marafiki sita. Tukapanda treni ya SGR hadi Miritini, tukavuka feri Likoni, na jioni tukajikuta mezani Diani, njaa imetuzidi. Kuna aliyeagiza samaki mzima, kuna aliyetaka pweza wa nazi, juisi na bia zikaja. Mwenzetu mmoja akaagiza wali na maharagwe ya nazi, pamoja na maji.

Bili ikaja: Sh9,600. Mimi, mla pweza, nikasema, "Ah, tugawe kwa sita tumalize. Elfu moja mia sita kila mtu." Kila mtu akatoa simu. Yule mwenzetu naye akalipa, kimya.

Chakula chake kilikuwa Sh450. Alilipa Sh1,150 za samaki na bia zetu, na nilikuja kujua miezi baadaye kwamba sehemu ya pesa hizo alikopa kwa simu palepale mezani. Safari iliyofuata tulipomwita, alisema ana kazi nyingi.

Ndiyo maana nasema hivi: tukienda safari, kila mtu alipe alichokula, na jambo hilo lisemwe kabla weita hajaandika oda. Kugawa sawa ni rahisi kwa aliyekula zaidi. Aliyekula kidogo hawezi kupinga bila kuonekana hana pesa au ni mchoyo, kwa hivyo ananyamaza.

Najua kuna watakaosema, "Mbona tuhesabiane sahani kama wageni? Sisi tumezoea kula pamoja." Ni kweli, na sahani ya pamoja ina hesabu yake. Mkiagiza sinia moja la nyama na wote mkanyoosha mikono, gaweni sawa. Na anayetaka kuwakaribisha wenzake aseme, "Leo ni juu yangu," alipe yote, tumshukuru. Lakini ukarimu ni kutoa chako. Ukimtolea mwenzako mfukoni bila kumuuliza, huo si ukarimu.

Kabla ya kuagiza

Muulizeni weita mambo mawili. Kwanza, je, anaweza kuandika bili ya kila mtu kando? Kumwambia mapema ni rahisi kwake kuliko kumwamsha mhudumu wa kaunta saa nne usiku apasue bili moja mara sita. Pili, je, bei za menyu zimejumuisha VAT ya 16% na ada ya huduma, kama ipo? Zikiongezwa mwishoni, kila mtu abebe sehemu yake kulingana na alichokula. Mla maharagwe asilipie kodi ya samaki.

Wakati wa kulipa

Kama hoteli ina till, kila mtu alipe mwenyewe moja kwa moja. Kumtumia rafiki pesa ili alipe kwa niaba yenu mara nyingi kuna ada ya kutuma, ilhali kwenye till kwa kawaida mteja hakatwi. Kabla ya kuthibitisha malipo, soma jina linalotokea na kiasi ulichoandika. Ukiona jina la mtu badala ya jina la biashara, simama uulize kwenye kaunta. Mmoja wenu ashike bili na kuweka alama kila ujumbe wa malipo unapoingia, ili mwishoni msikosane na weita kuhusu mia mbili isiyojulikana ni ya nani.

Mmoja akilipia wote

Hutokea: mtandao unasumbua, simu ya mwenzako imezima chaji. Basi aliyelipa apige picha ya bili, aiweke kwenye grupu ya WhatsApp pamoja na kiasi cha kila mtu, na pesa zitumwe kabla hamjainuka, ada ya kutuma ikiwemo. Neno "nitakutumia kesho" limeharibu urafiki mwingi. Kesho mko Kwale, keshokutwa mko njiani, na aliyelipa anaona haya kudai Sh800.

Kwa safari ya siku nyingi, changeni mapema pesa za mambo ya pamoja tu: teksi, maji ya kunywa, tipu. Mshika pesa aandike kila matumizi. Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Yule mwenzetu nilimrudishia Sh1,150 zake siku nilipojua. Alicheka, akasema nilikuwa nimechelewa. Desemba hii tunaenda tena, na amekubali kuja. Safari hii mimi ndiye nitakayemwita weita kwanza na kumwambia, "Bili sita, tafadhali."