Mlinzi wa Msitu na Fungu Lake

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanavijiji wa Duru-Haitemba, wilayani Babati, waliupinga mpango wa kuufanya msitu wao kuwa hifadhi ya Serikali. Hawakuukataa ulinzi, waliutaka uwe mikononi mwao. Vijiji vinane vikagawana mipaka, vikaweka walinzi na sheria ndogo, na msitu uliokuwa ukichakaa ukaanza kuchipua.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliithibitisha njia hiyo: msitu wa kijiji, mapato ya kijiji. Lakini katika misitu ya Serikali inayosimamiwa kwa ubia na wanavijiji, mambo yalikwenda kombo. Wajibu wa kufanya doria, kuzima moto na kukamata wezi wa magogo uligawanywa upesi. Mgawanyo wa mapato ukangoja miaka mingi bila ya shauri kukatwa. Je, huo ndio ubia? Mtu anayekesha porini kulinda mali ya umma, na ambaye (tusisahau) shamba lake ndilo linaloliwa na nyani, hawezi kuambiwa kwamba ujira wake ni hewa safi. Twasema wazi: mkataba usiotaja fungu la kijiji usitiwe sahihi.