Stendi ya Kutengenezea Baiskeli Nyumbani

Katika West Nile baiskeli si chombo cha anasa. Ndiyo inayopeleka muhogo kwenye mashine ya kusaga, ndiyo inayoleta madumu ya maji kutoka kisimani, ndiyo inayombeba mtoto mgonjwa hadi kituo cha afya, na ndiyo inayomfikisha askari kazini kwake pale ambapo gari haliendi. Kuanzia Arua, mji uliopandishwa kuwa jiji tarehe 1 Julai, 2020, hadi Koboko, wilaya inayopakana na Kongo na Sudani Kusini, ni vigumu kupita njia yoyote bila kukutana na mtu anayeendesha baiskeli au anayeisukuma imejaa mzigo. Hata hivyo, chombo hiki kinachoitumikia nyumba nzima mara nyingi ndicho kinachotunzwa kidogo kuliko vyote. Sufuria huoshwa kila siku na jembe hunolewa kila msimu, lakini baiskeli hukumbukwa siku inapomwangusha mwenyewe.

Uvivu si sababu ya pekee ya jambo hili. Sababu nyingine ni namna kazi yenyewe inavyofanywa. Desturi ya wengi ni kuipindua baiskeli, kiti na usukani vikakaa mchangani na magurudumu yakatazama juu. Mwenye kuitengeneza huchutama au hupiga magoti, shingo ameikunja, na jua limempiga mgongoni. Baada ya dakika kumi amechoka. Kazi inayochosha huahirishwa, na iliyoahirishwa hungoja mpaka kitu kivunjike. Dawa ya tatizo hili ni stendi ya kutengenezea, yaani mahali pa kuiningʼinizia baiskeli hewani ikiwa wima, magurudumu yote mawili yakizunguka huru na pedali zikiwa sawa na kiuno cha mtu aliyesimama.

Ieleweke kwamba hapa hauzungumzwi ule mguu wa chuma uliofungwa kwenye gurudumu la nyuma. Mguu huo ni wa kuegeshea. Huinua gurudumu moja tu, tena vidole vichache kutoka ardhini, na baiskeli huyumba mara spana inapotiwa nguvu.

Jamaa za askari hawatahitaji maneno mengi kuielewa hoja hii. Askari aliyefunzwa hasafishi bunduki yake juu ya mchanga. Hutandika kitambaa, hupanga kila kipande mahali pake, hutazama, hupangusa, kisha huunganisha. Baiskeli nayo imewahi kuwa chombo cha vita. Mwaka 1954, katika mapigano ya Dien Bien Phu huko Vietnam, maelfu ya wachukuzi walisukuma baiskeli zilizoimarishwa kwa miti, kila moja ikibeba mzigo uliozidi kilo 200 mara kwa mara, wakapitisha chakula na risasi katika njia za milimani. Chombo kinachoweza kubeba mzigo wa namna hiyo kinastahili adabu ile ile ambayo silaha hupewa.

Faida kubwa kuliko zote za stendi ni usalama wa breki. Baiskeli nyingi za kazi katika Afrika ya Mashariki, zikiwamo zile za zamani za Raleigh ya Uingereza na za Hero ya India, zina breki za vyuma virefu badala ya waya. Mkono wa breki ukibanwa, chuma huvuta juu upinde wenye raba mbili, na raba hizo hukandamiza ringi kwa upande wake wa ndani. Mkono ukiachwa, springi pamoja na uzito wa upinde wenyewe huurudisha chini.

Sasa itazamwe hali inavyokuwa baiskeli ikipinduliwa, hasa kwa breki ya mbele. Uzito ule ule uliokuwa ukiutenga upinde na ringi sasa huulaza upinde juu ya ringi. Mwenye baiskeli huona raba zinagusa, hudhani breki imekaza mno, naye huilegeza. Anapoisimamisha tena, upinde hushuka mahali pake, na nafasi kati ya raba na ringi huwa kubwa kuliko ilivyokuwa mwanzo. Breki iliyoonekana nzuri uani haitashika mteremkoni. Mtu huyo hakukosa juhudi. Alikosa tu kuiona baiskeli yake katika hali ileile inayokwenda nayo barabarani. Katika stendi, baiskeli huning'inia wima kama inavyotembea, na breki hupimwa kwa kipimo cha kweli.

Jambo hili lina uzito zaidi siku hizi kuliko zamani. Barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, yenye urefu wa kilomita 92, iliwekwa lami katika miaka ya 2010. Palipokuwa na vumbi na mashimo, malori ya kwenda mpakani sasa hupita kwa kasi. Mwenye baiskeli naye hushuka vilima kwa kasi ambayo njia ya zamani haikumruhusu, huku amebeba gunia la muhogo, au mkewe, au mtoto. Zamani breki mbovu iliweza kumtupa mtu majanini. Leo inaweza kumtupa mbele ya lori.

Faida ya pili ni kwamba jicho huona mapema. Gurudumu linalozunguka huru husema hali yake lenyewe. Kijiti kikifungwa kwenye uma wa mbele hadi ncha yake ikakaribia ringi, gurudumu likizungushwa taratibu huonyesha mahali lilipopinda. Ringi ikiwa imeegemea kulia, spoku za upande wa kushoto mahali hapo hukazwa robo ya mzunguko kila moja, kisha gurudumu hujaribiwa tena. Spoku zikiguswa kwa kidole, iliyolegea hujulikana kwa sauti yake nzito. Ringi ikishikwa na kutikiswa kushoto na kulia, gololi zilizolegea hujulisha kwa mchezo wake. Mambo haya yote huonekana kwa shida baiskeli inapokuwa imelala mchangani.

Faida ya tatu ni usafi. Mchanga mwekundu wa West Nile ukichanganyika na mafuta huwa kama msasa, nao hula mnyororo, meno na gololi. Baiskeli iliyoning'inizwa haigusi mchanga, na beseni likiwekwa chini yake, gololi au nati inayoanguka huokotwa. Tena, usukani hauchubuki, kengele haipondeki, wala taa haivunjiki.

Namna ya kuijenga stendi hii si ngumu, wala haihitaji fedha nyingi. Itafutwe miti miwili imara yenye panda juu, kila mmoja urefu wa meta 2 na sentimita 60. Sentimita 60 zifukiwe ardhini na udongo ushindiliwe sawasawa, ili meta 2 zibaki juu. Sehemu ya kufukiwa ipakwe kwanza mafuta machafu ya injini, ili kupunguza mashambulizi ya mchwa. Nafasi kati ya nguzo iwe meta 2 na nusu, kwa sababu baiskeli ya kazi ina urefu unaokaribia meta 2, na magurudumu yasigonge nguzo. Juu ya panda ulazwe mti mnyoofu wa mkalitusi, unene wake usipungue sentimita 8, nao ufungwe kwa waya usije ukabiringika.

Kwenye mti huo zitundikwe kamba mbili nene zenye vitanzi. Kitanzi kimoja kipite chini ya kiti, cha pili kishike shingo ya usukani. Kitanzi kisishike vyuma vya breki, kwani vitapinda. Kamba zipimwe ili magurudumu yawe nusu meta kutoka ardhini. Gurudumu ambalo halifanyiwi kazi lifungwe kwa utepe wa mpira wa ndani uliochakaa kwenye kigingi kilichopigwa chini, ili baiskeli isibembee.

Kabla ya kuitundika baiskeli kwa mara ya kwanza, stendi ijaribiwe. Baiskeli ya kazi ina uzito wa karibu kilo 20, na dumu la lita 20 lililojaa maji lina uzito unaolingana nao. Madumu mawili yakitundikwa kwa usiku mmoja na mti usilie wala nguzo zisilegee, stendi inafaa.

Wenye mwembe uani wanaweza kutumia tawi nene lililolala, mradi liwe bichi na zima. Wanaoishi katika nyumba za kambini au za kupanga, mahali pasiporuhusiwa kuchimba, wanaweza kushirikiana majirani kadhaa na kuomba sehemu moja kwa wahusika. Stendi moja yatosha baiskeli kumi. Isitundikwe kamwe kwenye mbao za paa la baraza, kwa maana mbao hizo hazikuwekwa kwa kazi hiyo.

Stendi ikiwa tayari, nusu saa kila juma yatosha. Kwanza baiskeli ipanguswe kwa kitambaa kikavu. Pili, breki zijaribiwe moja moja, na raba zilizoliwa zibadilishwe. Tatu, magurudumu yazungushwe na spoku zikaguliwe. Nne, mnyororo upimwe: ukisukumwa kwa kidole katikati, uchezecheze sentimita 1 hadi 2. Ukizidi, gurudumu la nyuma livutwe nyuma kwa kipimo kimoja pande zote mbili. Tano, pedali zizungushwe kinyumenyume huku tone la mafuta likitiwa kila kiungo cha mnyororo, kisha mafuta ya ziada yapanguswe. Yatumiwe mafuta ya mashine, wala si ya kupikia, ambayo huganda na kunasa vumbi. Mafuta yasifike kwenye ringi, kwa kuwa raba za breki zitateleza. Mwisho, nati za magurudumu, za kiti na za kerieri zijaribiwe kwa spana.

Pancha nayo hurahisika. Tairi huweza kufunguliwa upande mmoja na sehemu ya mpira wa ndani ikavutwa nje pasipo kung'oa gurudumu. Kwa gurudumu la nyuma, lenye mnyororo na breki, hiyo ni kazi kubwa iliyookolewa.

Hata hivyo, stendi ina mipaka yake. Kazi ya kupiga nyundo, kama kuitoa pini ya mkono wa pedali, isifanywe baiskeli ikining'inia. Ishushwe, na mkono wa pedali uegemezwe juu ya gogo. Vivyo hivyo pedali iliyoshika kutu ifunguliwe baiskeli ikiwa chini, ikikumbukwa kwamba pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungushwa kinyume cha ile ya kulia. Ringi iliyovunjika na uma uliopasuka vipelekwe kwa fundi. Stendi haikukusudiwa kumnyima fundi riziki, bali kumpelekea kazi inayostahili ujuzi wake, tena kabla ajali haijatokea.

Watoto wafundishwe mapema kwamba stendi si bembea. Mtoto asitie kidole kwenye mnyororo wala kwenye spoku wakati gurudumu linazunguka. Lakini asifukuzwe. Apewe kazi ya kushika beseni la gololi na kutaja jina la kila kipande. Aidha, si sahihi kuiacha kazi hii kwa wanaume peke yao. Mama anayepeleka mazao sokoni kwa baiskeli hiyo ndiye anayejua kwanza kwamba breki imekuwa nzito au gurudumu linayumba, na mumewe akiwa doria au amehamishiwa kituo cha mbali, ni yeye atakayebaki na chombo hicho. Kazi inayofanywa kwa kusimama wima, bila kubeba wala kupindua kitu kizito, yeye na kijana wake wanaiweza bila taabu.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa baiskeli ni spoku moja iliyolegea, au raba ya breki iliyokwisha, au nati isiyokazwa. Ni vitu vidogo ambavyo havionekani na mtu aliyechutama mchangani, akiwa amechoka na anataka kumaliza haraka. Huonekana na aliyesimama mbele ya baiskeli yake iliyo juu, mikono huru, na mwanga wa kutosha. Miti mitatu, kamba mbili na nusu saa ya kila juma ni gharama ndogo mno ikilinganishwa na mguu uliovunjika, au na mtoto aliyeangushwa kutoka kwenye kerieri mteremkoni.