Kuandika Programu: Tusome, Tusinakili



Ndugu wasomaji, kila mwaka baadhi ya wadogo zetu wanaomaliza sekondari huingia vyuoni kusomea kompyuta. Furaha nyumbani huwa kubwa, na ada hulipwa kwa taabu. Lakini muhula wa kwanza huwakabili somo moja linalowatoa jasho: utangulizi wa kuandika programu. Wako wanaolikimbia, na wako wanaolipita kwa kunakili kazi za wenzao. Kwa maoni yetu wote hao wamejidhulumu, na anayenakili amejidhulumu zaidi.

Kwanza tuondoe hofu. Somo hili halikuwekwa kwa ajili ya mabingwa wa hesabu peke yao. Mwaka 1964 walimu wawili wa chuo cha Dartmouth nchini Marekani, John Kemeny na Thomas Kurtz, walitunga lugha iitwayo BASIC ili hata wanafunzi wasiosoma sayansi waweze kuiamuru kompyuta. Python, ambayo vyuo vingi huanza nayo leo, ilitolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum, nayo husomeka kwa wepesi. Wala elimu hii si ngeni kwetu. Neno algorithimu, yaani hatua zilizopangwa za kutatua jambo, limetokana na jina la Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa hesabu aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Tuseme mwalimu amekutaka uandike programu ya kukokotoa zaka ya fedha. Utaiambia kompyuta: ikiwa mali imefika nisabu na imetimiza mwaka, igawanye kwa 40, la sivyo, andika sifuri. Ukisahau mabano, kompyuta itakataa na kukuonyesha ilipokwama, kama ustadhi anavyokusimamisha kwenye herufi uliyoikosea. Kosa hilo ni jepesi, utalirekebisha na kuendelea.

Kosa la hatari ni jingine. Ukiandika "au" mahali pa "na", kompyuta haitalalamika. Itatoa jibu, nalo ni batili: mwenye akiba ndogo iliyokaa mwaka ataambiwa anadaiwa zaka, na aliyepata mali nyingi jana ataambiwa atoe leo. Kompyuta hufuata ulichoandika, haijui ulichokusudia. Anayeweza kuliona kosa hilo ni yule aliyeifikiri kila hatua mwenyewe. Aliyenakili ataona jibu tu, aridhike.

Huenda mtu akauliza: tangu ilipotoka ChatGPT mwishoni mwa mwaka 2022, si mashine zenyewe huandika programu? Tuhangaike ya nini? Ni kweli huandika, tena upesi. Lakini nazo hukosea, na hukosea kwa maneno ya kujiamini. Nani atakayezikagua? Mwajiri hahitaji mtu wa kupokea jibu, kwani hilo analiweza mwenyewe. Anahitaji mtu wa kumwambia jibu hili ni sawa au si sawa, na kwa nini. Programu hukokotoa mishahara, madeni ya benki na vipimo vya dawa, na kosa lake humwangukia mtu asiyejua hata limetoka wapi.

Basi wadogo zetu, andikeni hatua zenu kwanza kwa Kiswahili, kwenye karatasi, kabla ya kugusa kompyuta. Asiye na kompyuta nyumbani na afanye hivyo, kisha aende nazo maabara ya chuo. Ijaribuni programu kwa hesabu mnazozijua majibu yake: mali iliyo chini ya nisabu, iliyolingana nayo, na iliyozidi. Someni pamoja na mwelezane, lakini kila mmoja aandike kwa mkono wake.

Nanyi wazazi wetu, msitosheke na alama za mtihani. Mwambieni kijana awafafanulie programu moja aliyoiandika, kwa lugha ya nyumbani. Akiweza kueleza, ada yenu haikupotea. Akishindwa, msimkaripie; mrudisheni kwa mwalimu mapema, muhula haujaisha.

Nguo ya kuazima haistiri, na elimu ya kunakili ni hivyo hivyo: itamvua mwenyewe siku ya kwanza kazini, mbele za watu.

Wabillahi tawfiq.