Shoka na Mpini Wake

Ndugu zangu, mtoto alalaye vibarazani mwa maduka hapa Dodoma akipewa chakula na malazi, amehifadhiwa; bado hajainuliwa.

Anas (r.a.) amesimulia kwamba Answari mmoja alimwendea Mtume (s.a.w.) kuomba. Mtume alimwuliza kwanza ana nini nyumbani, akavinadi vitu vyake viwili kwa dirhamu 2: moja ya chakula, moja ya shoka. Akalitia mpini kwa mkono wake. Baada ya siku 15 za kukata na kuuza kuni, mtu yule alirudi na dirhamu 10.

Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 11, nayo yampa mtoto haki ya kusikilizwa. Basi wenye nyumba za hifadhi wamwulize: ataka shule, ufundi, au kurejea kwao? Aulizwaye huanza kujitegemea. Alishwaye tu huzoea kungoja.