Dirisha Kwanza, Makochi Baadaye



Katika parokia zetu familia nyingi zimejenga nyumba za matofali na bati, nalo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini ukiingia sebuleni saa sita mchana, mara nyingi huoni mtu mpaka taa iwashwe. Dirisha ni moja, dogo, tena limezibwa na kabati na pazia zito. Humo ndimo watoto wanamolala, wageni wanamopokelewa, na Jumuiya Ndogondogo inamosali. Mimi nasema wazi: chumba cha namna hiyo ni hatari kwa afya, na kukirekebisha ni muhimu kuliko kununua makochi mapya.

Sababu ni hii. Vijidudu vya kifua kikuu, ambavyo Robert Koch alitangaza kuvigundua tarehe 24 Machi 1882, huenea kwa njia ya hewa. Mgonjwa ambaye hajaanza dawa akikohoa katika chumba kilichofungwa, vijidudu huweza kuelea hewani kwa saa kadhaa. Hewa inayopita huvipunguza, na jua huviua. Ndiyo maana wodini tunafungua madirisha. Kwa nini basi tuyafunge nyumbani, mahali wengi wanapoambukizwa?

Wapo watakaosema: wezi, mbu, baridi, tena hatuna fedha. Wezi huzuiwa kwa nondo, mbu kwa wavu, baridi kwa blanketi. Kuhusu fedha, anzeni kidogo kidogo. Chumba cha futi 10 kwa 12 kinahitaji dirisha la futi 3 kwa 4, yaani sehemu moja ya kumi ya sakafu. Likipatikana jingine katika ukuta unaoelekeana nalo, hewa itapita vizuri zaidi. Lakini msitoboe ukuta wenyewe. Mwiteni fundi, aushikilie ukuta na kuweka linta, usije ukawaangukia.

Asiyeweza kutoboa sasa, aondoe kabati dirishani na apake kuta chokaa nyeupe. Mkumbuke pia kwamba kioo kisichofunguka huleta mwanga bila hewa, tena huzuia sehemu kubwa ya miale inayoua vijidudu. Dirisha lazima lifunguke.

Hata hivyo, dirisha si dawa. Mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi aende hospitali akapimwe makohozi. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Atakayeandikiwa azimeze mpaka mwisho, kwa kawaida miezi 6, hata kama anajisikia amepona.

Viongozi wa Jumuiya, nawaomba jambo moja dogo: kabla ya kuanza sala, fungueni madirisha. Na ninyi akina baba mnaopanga kujenga mwaka huu, mwulizeni fundi habari za madirisha kabla hajachimba msingi. Kinga ni bora kuliko tiba.